Kundi la Mayai Viza

"Mashine ya kutotolesha itakayonishinda mie, kiwanda chake bado hakijachimbiwa msingi."

Hayo yalikuwa maneno ya Asifiwe, fundi wa Mbagala Charambe, na alikuwaga anayasema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Aliyasema kwa kinyozi. Aliyasema msibani, ila huko alipunguza sauti kidogo kwa heshima ya marehemu. Kwenye kibao cha banda lake, chini ya maandishi FUNDI WA MASHINE ZA VIFARANGA, alikuwa ameongeza kwa rangi nyekundu DAKTARI BINGWA. Mbao ikamwishia njiani, ile A ya mwisho ikabidi aiandike ukutani.

Sasa tumwangalie mgonjwa wake mmoja.

Mwalimu Sesilia alimfundisha Asifiwe sayansi darasa la sita, kisha akastaafu, akahamia Chamazi kufuga kuku wa kuchi, wale warefu wanaosimama kama askari wa gwaride. Siku moja panya walikata ule waya wa ndani ya mashine yake unaopima joto. Akamwita mwanafunzi wake. Asifiwe akafunga waya mpya ndani ya nusu saa. Halafu, ili ahakikishe joto, akachomoa mfukoni kipimajoto cha kioo alichonunua duka la dawa, kile cha kupimia homa. Akakibana kwanza kwapani mwake mwenyewe, akajiweka mbele ya mashine kifua mbele, akamwomba Mwalimu ampige picha wateja waone kazi. Mwalimu akapiga. Baadaye kipimajoto kikaingia kwenye trei, mashine ikawashwa ipate moto, na baada ya saa nzima kikasoma joto limezidi kwa nyuzi moja na kidogo. Asifiwe akalishusha, akafunga kisanduku, akataja kiwanda chake na msingi wake, akaondoka.

Mwalimu akaingiza mayai. Siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka, hakikutoka kitu. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Siku ya ishirini na tatu wakatoka vifaranga tisa katika mayai tisini, na hao tisa miguu imelegea kama tambi. Asifiwe akaja, akachungulia, akanusa, akagonga ubavu wa mashine kwa kucha, akatoa hukumu: mashine ni nzima, tatizo ni jogoo. Jogoo kazeeka.

Mwalimu hakubisha. Alimpenda yule jogoo, na aliogopa kuwa huenda ni kweli.

Haukupita muda, mdondo ukaingia Chamazi. Kwa siku mbili banda lote likawa kimya, na jogoo ndiye aliyekufa wa mwisho. Kilichobaki cha kuchi wa Mwalimu Sesilia hapa duniani yalikuwa mayai tisini na sita aliyoyaokota kabla ugonjwa haujapiga hodi. Aliyapanga kwenye trei chumbani, upande wenye ubaridi, kila moja na tarehe yake ya penseli. Na yai halisubiri. Likikaa zaidi ya siku kumi bila kupata joto, linaanza kujifia taratibu.

Jumatano asubuhi Mwalimu akasimama mbele ya banda la Asifiwe. Shikamoo ikatolewa, marahaba ikapokelewa, kiti kikafutwa vumbi. Hakukaa.

"Jumamosi nayaingiza," alisema. "Yakifa, ukoo wa kuku wangu umeisha, hakuna mahali nitaupata tena. Nakuuliza kama mtu mzima, Asifiwe. Mashine ile iko sawa?"

"Iko sawa, mwalimu. Ina afya kuliko mie."

Mwalimu akamtazama kwa yale macho ya kusahihisha mitihani, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Alipokunja kona tu, Asifiwe akakikalia mwenyewe kile kiti alichokifuta vumbi. Mdomo wake ulikuwa mkubwa, lakini kichwani hakuwa mjinga. Vifaranga tisa katika tisini si jogoo. Jogoo akizeeka mayai hayashiki mimba kabisa, hayawi na vifaranga vilivyokamilika halafu vikachelewa siku mbili. Kuna kitu mle ndani hakukijua. Na amuulize nani, wakati Charambe nzima ameshaiambia kwamba anayeulizwa ni yeye?

Akaingia mtandaoni.

Kundi la kwanza lilikuwa la mafundi wa umeme, watu elfu moja na zaidi. Asifiwe akaandika swali lake kwa uangalifu, mistari sita. Jibu la kwanza lilikuwa picha ya maua yenye maneno ya kuwatakia wote asubuhi yenye baraka. La pili, mtu anauza viwanja. La tatu, mtu kaokota kitambulisho Tandika. La nne, mtu kaandika "Amina", bila shaka akiyajibu yale maua. La tano likamwambia aende pembeni, na alipoenda huko pembeni akakuta anafundishwa namna ya kutajirika kwa kukaa na simu.

Kundi la wafugaji lilikuwa na nafuu kidogo. Huko walau walijua yai ni nini. Ila mmoja alimshauri asage vitunguu saumu, mwingine akamshauri aombe, wa tatu akauliza hao kuku wanauzwa. Wawili wakaanza kugombana kuhusu mpira, na swali la Asifiwe likafukiwa chini ya mabao.

Jirani yake Gibson, anayetengeneza simu banda la pili, alikuwa akimwona anavyoguna. Akamuuliza kama bando linamuuma au ni jino. Asifiwe akamjibu kwamba anafanya utafiti. Gibson akasema hewaa, daktari bingwa kaenda kusomea upya, na akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Alhamisi mchana, akichimbua mazungumzo ya zamani kwenye lile kundi la wafugaji, Asifiwe akakuta mtu kauliza swali linalofanana na lake, mwaka juzi. Chini ya vitunguu saumu vyote palikuwa na jibu moja fupi: "Hapa utapoteza mayai. Nenda Mayai Viza." Na kiungo cha Telegram.

Akabonyeza.

Yai viza, kila mfugaji analijua, ni lile lililokaa kwenye joto siku zote likaoza bila kutoa kitu. Mtu gani analiita kundi lake jina hilo? Kabla ya kuingia palikuwa na kibaraza cha kusubiri, na maelezo ya admini aitwaye Gozbert, fundi wa Bukoba. Hapa, aliandika, hakuna maua ya asubuhi, hakuna viwanja, hakuna "nimefika wakuu". Haingii mtu kwa kusema anachokijua. Kila mmoja, awe fundi au mfugaji, analipia mlango kwa kueleza mara moja aliyoshindwa: alifanya nini, mayai mangapi yalikufa, na kosa lilikuwa la nani. Baada ya hapo ni swali moja tu: Ilikushinda wapi?

Asifiwe akacheka peke yake. Akaandika: "Mie haijawahi kunishinda. Niko tayari kuwasaidia." Dakika haikuisha, Gozbert akajibu: "Karibu siku ikikushinda." Mlango ukafungwa.

Akajaribu tena. Akasema kuna siku alichelewa kufika kwa mteja kwa sababu ya mvua. Gozbert akamjibu kwamba kosa hilo ni la mvua, si lake.

Akaweka simu chini. Akaiokota. Akaona yale mayai tisini na sita na tarehe zake za penseli. Akaandika kila kitu jinsi kilivyokuwa: panya, waya, joto kushushwa, siku ya ishirini na tatu, vifaranga tisa, na jinsi lawama ilivyobebeshwa jogoo. Kila kitu cha kweli, isipokuwa sehemu ndogo sana. Alianza hivi: "Kuna jamaa yangu mmoja, fundi mwenzangu, yeye hana simu."

Gozbert akajibu: "Huyo jamaa yako kasema ukweli kuliko wengi wenye simu. Ingia. Atuletee picha."

Jamani, kumbe kuna watu wengine!

Hivyo ndivyo alivyotamka Asifiwe kwa sauti, Gibson akainua kichwa. Mle ndani palikuwa na watu mia mbili na kitu, na wote walikuwa wagonjwa wa ugonjwa wake. Fundi wa Mwanza alikuwa anabishana na wa Mombasa kuhusu unyevu wa siku tatu za mwisho, kwa ukali wa watu wanaobishania penalti. Mtu wa Iringa kaweka picha za kifaranga ndani ya ganda, siku baada ya siku, na chini yake watu wameandika kama wanamwona mtoto wa ukoo. Kuna aliyeeleza alivyochoma mayai mia tano kwa kusahau kufungua tundu la hewa, na hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Wanane walijibu kwamba hata wao. Miaka minne Asifiwe alikuwa akizungumza na watu ambao, akitaja unyevu, wanamwuliza kama paa linavuja. Sasa alisoma mpaka simu ikawa moto mkononi. Wateja wawili walikuja, akawaambia daktari yuko kwenye mkutano.

Akatuma picha alizokuwa nazo tangu siku ile ya matengenezo: kisanduku, waya, feni, trei. Hazikupita dakika tano, akatokea mwanamke aitwaye Kokushubila, fundi wa Kipawa, wa majokofu na mashine za mayai. Alikuwa ameikuza ile picha ya trei na kuchora duara jekundu pembeni.

"Hicho kioo hapo kwenye duara, si cha kupimia homa?"

Asifiwe akajibu kwamba ndiyo, jamaa yake alikitumia, kwani kina nini.

Kokushubila akatuma sauti, na ndani ya sauti hiyo alikuwa anajizuia kucheka lakini hawezi. Akaeleza kwamba kipimo cha homa kikipanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Kimetengenezwa hivyo ili nesi apate muda wa kukisoma. Mashine inapowashwa, joto linaruka juu kwanza, halafu linatulia. Kile kioo kikalishika lile la juu, mashine ikatulia, chenyewe kikabaki kule kule juu. "Mwambie jamaa yako," akamaliza, "mashine haikuwa na homa. Kaiteremshia joto mashine nzima, na mayai yamelala na baridi siku ishirini na tatu."

Asifiwe akasimama, akakaa, akasimama. Aibu ilikuwepo, ilimpanda mpaka masikioni, lakini furaha iliipita mbio. Kosa lina jina! Kosa lina dawa! Akampigia Gibson saluti bila sababu.

Dawa ilikuwa kipimajoto cha kweli. Kokushubila akasema anacho, amekijaribu kwenye maji ya barafu na kinasoma sifuri sawasawa. Jamaa aje akichukue. Ijumaa asubuhi Asifiwe akafika Kipawa, akamkuta dada wa makamo katikati ya majokofu matatu yaliyofunguliwa matumbo. Akampa shikamoo, akapewa kipimajoto kimefungwa ndani ya soksi safi, na onyo la kutokiweka karibu na feni. Dada Koku akamuuliza mbona jamaa hakuja mwenyewe. Asifiwe akasema ana mafua.

Mchana huo huo alikuwa Chamazi. Alimwambia Mwalimu Sesilia kwamba amepitia tu kufanya usafi wa kawaida, wa bure, maana anajali wateja. Mwalimu akavuta kigoda akakaa karibu. Asifiwe akaning'iniza kipimajoto katikati ya trei, mbali na feni, akasubiri saa nzima bila kugusa kitu wala kujisifu, jambo ambalo Mwalimu hakuwahi kumwona akilifanya tangu darasa la sita. Kikasoma pungufu ya nyuzi moja na kidogo, vile vile alivyoambiwa. Akapandisha. Akasubiri tena. Na muda wote simu yake mezani ilikuwa inalia ti, ti, ti, watu wa Mwanza na Iringa wakiuliza imefikia ngapi.

Mwalimu akauliza ni nani hao wasiompumzisha. Hapo furaha ikamtoa Asifiwe akili. Akaanza kumweleza: kuna kundi, mwalimu, hujawahi kuona, linaitwa Mayai Viza, humo ndani mtu akiuliza anajibiwa, hakuna porojo, na haliingiliki hivi hivi, lazima ueleze ulivyoshindwa. Akamwonyesha hadi jina la admini. Mwalimu akasema, "Kumbe," akavaa miwani, akaitoa. Kisha akauliza kwa upole yeye Asifiwe alieleza kushindwa gani. Asifiwe akaanza kufuta mashine sehemu ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi mayai yakaingia.

Siku ya saba wakayamulika. Mwalimu alitundika khanga mbili dirishani, chumba kikawa giza mchana kweupe, Asifiwe akaweka tochi chini ya yai la kwanza. Mishipa ikatokea, myekundu, imesambaa kama ramani ya mito, na katikati kidoa kinapigapiga. Yai la pili hivyo hivyo. La kumi. La hamsini. Walipomaliza, mayai tisa tu hayakuwa na kitu. Themanini na saba yalikuwa na moyo ndani.

"Jogoo mzee," alisema Mwalimu gizani, kama anayezungumza na nafsi yake.

Asifiwe akajifanya tochi inasumbua.

Siku ya ishirini na moja alifika Chamazi kabla ya chai. Tangu mlangoni alizisikia: pii, pii, pii, ndani ya mashine, kama soko limefunguliwa. Maganda yalikuwa yanapasuka mstari kwa mstari. Kifaranga kimoja kilitoa kichwa, kikaangalia dunia, kikalala kwa uchovu, kingine kikakikanyaga. Mpaka saa sita mchana walikuwa themanini na moja, wakavu, wamesimama na miguu yao mirefu ya kuchi, vifua mbele. Mwalimu Sesilia alichukua mmoja kiganjani, akamgeuza, akaona alama nyeupe ya bawani, ile ile aliyokuwa nayo jogoo. Akakaa chini sakafuni na khanga yake safi, mwalimu mzima, akacheka mpaka machozi.

Asifiwe naye hakuweza kujizuia. Akapiga picha, akatoka nje barazani, akashika kitufe cha sauti, na ule mdomo wa Charambe ukarudi mwilini mwake wote kwa pamoja. Akalitangazia kundi: themanini na moja katika tisini na sita! Akasimulia alivyokabidhiwa mashine iliyoharibiwa na yule jamaa yake, alivyogundua, alivyopima kwa subira, na alivyomweka jamaa chini akamfundisha kwamba kabla ya kumlaumu jogoo mtu ajilaumu mwenyewe. "Yule bwana ni mgumu," alisema, "kichwa kama tofali, lakini nimemnyoosha." Akaachia kitufe.

Pongezi zikamiminika. Mwanza wakapiga makofi, Iringa wakaomba picha ya miguu. Dada Koku akauliza mafua ya jamaa yamepona. Asifiwe akaandika kwamba anaendelea vizuri.

Ndani ya nyumba, dakika ile ile aliyotuma ile sauti, simu nyingine ilikuwa imelia ti.

Hakuijali. Akasikia tu, kupitia dirishani, sauti yake mwenyewe ikisimulia habari za kichwa cha tofali, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha mtu anaandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, bila haraka.

Kwenye kundi pakaingia picha. Ilitoka kwa mtu anayejiita Sesilia wa Chamazi. Kijana kasimama mbele ya mashine ya kutotolesha, kifua mbele, mkono mmoja kiunoni, na kwapani amebana kipimajoto cha homa. Chini yake:

"Ndugu wana Mayai Viza. Mimi niliingia humu wiki tatu zilizopita, na admini anakumbuka kushindwa kwangu: nilimwamini fundi aliyeniambia jogoo wangu kazeeka. Jamaa asiye na simu ndiye huyu. Picha nilipiga mwenyewe. Nilimfundisha sayansi, kwa hiyo na lawama kidogo ni yangu."

Asifiwe alitaka kuizima simu, akakumbuka kwamba kuzima yake hakuzimi za watu mia mbili. Emoji za kucheka zilikuwa zinapanda mpaka skrini inakwama. Dada Koku alituma sauti ya sekunde arobaini isiyo na neno hata moja, kicheko kitupu. Halafu wote wakanyamaza kwa pamoja, maana admini alikuwa anaandika.

"Asifiwe," Gozbert aliandika. "Turudi mlangoni. Ilikushinda wapi?"

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mwalimu Sesilia alisimama kizingitini na miwani yake puani, simu mkono mmoja, mkono mwingine kamshika yule kifaranga mwenye alama nyeupe. Wote wawili wakamtazama fundi.

"Andika, baba," alisema Mwalimu. "Nakusubiri. Na uanze na jogoo."